Sonona majumbani mwetu: Tuulize kabla ya kuhukumu

KATIKA safari moja enzi za Mtume Muhammad (SAW), mtu mmoja alipigwa jiwe akapasuka kichwa. Usiku akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake iwapo wanamwonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, ilhali maji anayaweza. Akaoga, akafariki. Habari zilipomfikia Mtume (SAW) aliwalaumu vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Kisha akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Kisa hiki amekipokea Jabir bin Abdillah (RA), nacho kimo katika Sunan ya Abu Daud.

Wale waliomjibu hawakuwa maadui wa ndugu yao. Walikuwa watu wema waliotaka ibada yake itimie. Kosa lao lilikuwa kutoa hukumu juu ya jeraha ambalo hawakulijua. Tunakikumbusha kisa hiki kwa kuwa lipo jeraha jingine lisilotoka damu, nalo tunalitolea fatwa kila siku majumbani mwetu. Mama anasema hapati usingizi wala hamu ya chakula, na kwamba hata kicheko cha mwanawe hakimgusi. Tunamjibu azidishe dhikri. Kijana anasema haoni faida ya kuendelea kuishi. Tunamwambia aache kukufuru neema. Baba ananyamaza miezi mitatu. Tunasema amekuwa na kiburi. Mara nyingi hakuna aliyeketi naye akamuuliza anaumwa nini.

Wataalamu wa afya nchini Tanzania huyaita maradhi haya sonona, na wenzetu wa Kenya huyaita pia unyogovu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 280 duniani wanaishi nayo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Shirika hilo limeeleza pia kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba yoyote. Maana yake ni kwamba katika safu zetu za swala wamo wanaoumwa, na wengi wao hawajamwambia mtu.

Huzuni na sonona

Huzuni ni sehemu ya maumbile ya mwanadamu, na mitume hawakuepushwa nayo. Surat Yusuf inaeleza jinsi Nabii Yaakub (AS) alivyomhuzunikia mwanawe hadi macho yake yakawa meupe. Mtume wetu (SAW) alifiwa na mkewe Bi Khadija (RA) na ami yake Abu Talib katika kipindi kimoja, mnamo mwaka wa kumi wa utume, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho, Mtume (SAW) alitokwa na machozi mbele ya Maswahaba zake. Anayeona kuwa machozi ni dalili ya imani kupungua na azitazame sira hizi upya.

Huzuni ya kawaida huwa na sababu inayojulikana, na huenda kwa mawimbi. Mfiwa hulia, kisha hutabasamu anapokumbushwa jambo jema la marehemu. Hula akibembelezwa. Siku zinavyopita mzigo hupungua, ingawa kumbukumbu hubaki. Sonona hukaa. Hufunika mambo yote kwa pamoja, yale yaliyohusiana na msiba na yale yasiyohusiana nao. Mtu huweza kuwa na kazi, nyumba na watoto wenye afya, na bado asionje ladha ya chochote. Wakati mwingine mgonjwa mwenyewe hajui kilichomfikisha hapo, na swali la “una nini wewe?” humuumiza kwa sababu hana jibu.

Tofauti hii waliijua wanazuoni wetu mapema. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu alichokiita Maslahi ya Miili na Nafsi. Humo aligawa huzuni mafungu mawili. La kwanza ni la mtu anayekijua kilichomhuzunisha, kama kupotelewa na mpenzi wake au mali yake. Huyu husaidiwa zaidi kwa mazungumzo na mawazo yanayomtuliza. La pili ni la mtu anayezongwa na kiza bila kukijua chanzo chake. Kwa huyu al-Balkhi alisema kuwa asili ya tatizo imo mwilini, na akaelekeza atibiwe mwili. Alishauri pia kwamba kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, aweke akibani mawazo mema ya kumsaidia siku ya dhiki. Sehemu ya kitabu hicho inayohusu nafsi ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, mtaalamu wa saikolojia aliyefariki mwaka 2021.

Dalili zake

Madaktari hutazama mambo mawili makuu: moyo kuwa mzito karibu kutwa nzima, na mtu kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Lolote kati ya hayo likiendelea kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, likaandamana na dalili nyingine na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, ni wakati wa kumwona mtaalamu. Dalili hizo nyingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kupungua au kuzidi kwa hamu ya chakula, uchovu usioondoka kwa mapumziko, akili kutotulia, kujilaumu kwa mambo yasiyokuwa na lawama, kujiona hufai kitu, na kufikiria mauti.

Hapa kwetu maradhi haya hupenda kuzungumza kwa ulimi wa mwili. Mgonjwa hasemi “nina huzuni”. Anasema kichwa kinamuuma bila kukoma, moyo unamwenda mbio, kifua kinambana, mwili unamwaka moto, tumbo halitulii. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, majibu yakarudi kuwa hana tatizo. Hapo ndugu huanza kusema kuwa anajisingizia. Maumivu yake ni ya kweli. Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na figo, na ukiugua, mwili mzima hupata habari.

Chanzo chake mara nyingi si kimoja. Wapo wenye wazazi au ndugu waliowahi kuugua hivyo. Wapo waliopatwa na msiba, deni, talaka, ukatili wa utotoni au kipigo cha mume. Wapo ambao sonona imefuatana na maradhi mengine kama kisukari, kiharusi au Ukimwi. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza pia kuleta dalili zinazofanana nayo. Ndiyo maana daktari mzuri humpima mgonjwa damu kabla ya kumwandikia dawa ya sonona.

Sura zake katika familia

Kwa mwanamume, sonona mara nyingi huvaa sura ya hasira. Hukaripia watoto kwa jambo dogo, huchelewa kurudi, hukaa kimya mbele ya sahani ya chakula. Ameambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, basi haombi msaada mpaka biashara imeanguka au ndoa imevunjika.

Kwa kijana, alama za shule hushuka, madrasa humshinda, hujifungia chumbani na kuudhika haraka. Wazazi huona utovu wa adabu, na huenda upo. Lakini mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ndani ya wiki chache anastahiki kuulizwa kabla ya kuchapwa. Kwa wazee wetu, sonona hufuata kufiwa na mwenzi, kustaafu au kuachwa peke yao. Bibi anayesahau mambo na kukataa kula huambiwa ni uzee tu, ilhali huenda ana maradhi yanayotibika.

Mzazi aliyejifungua anahitaji maelezo marefu zaidi. Siku chache baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu kubwa na hisia zao hubadilika haraka. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, ikawa mama hamfurahii mtoto, halali hata mtoto akiwa amelala, au anajiona ni mama mbaya, hiyo huenda ni sonona ya uzazi. Kwa takwimu za WHO, katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na aghalabu ni sonona. Ikiwa mama anasikia sauti, anaongea yasiyoeleweka au anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto wake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake na mtoto.

Qur'ani imetupa funzo katika Surat Maryam. Uchungu wa uzazi ulipomfikisha Bi Maryam (AS) kwenye shina la mtende, alitamani kuwa angekufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Yeye ni miongoni mwa wanawake bora walioumbwa, na hakukaripiwa kwa kauli hiyo. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulie. Akapewa pia ruhusa ya kutozungumza na watu siku ile. Kila mwenye mkwe au binti aliye ndani ya arubaini na azizingatie aya hizo: chakula, maji, maneno mema, na kupumzishwa na maneno ya watu.

Maradhi mengine ya hisia

Sonona ina ndugu zake. Mmoja ni huzuni ya chini kwa chini inayodumu miaka, ambayo mtu huzoea hadi akadhani ndiyo tabia yake. Mwingine ni ugonjwa wa hisia za pande mbili, ambao wataalamu huuita baipola. Mgonjwa wake hupitia vipindi vya sonona, kisha hupanda upande wa pili: analala saa mbili au tatu na hachoki, anaongea bila kupumua, anatoa ahadi kubwa, anagawa mali au kukopa ovyo, wakati mwingine anadai kuwa na daraja maalumu mbele ya Mwenyezi Mungu. Jamii hudanganyika hapa kwa namna mbili. Akiwa juu, wengine humwona mchamungu aliyefunguliwa siri. Akiwa chini, humwona amelogwa.

Kumtambua mgonjwa wa baipola kuna umuhimu mkubwa wa kitabibu, kwa kuwa dawa za sonona akipewa peke yake huweza kumpandisha zaidi. Kwa hiyo familia iende na mgonjwa kwa daktari na ieleze vipindi vyote viwili. Mgonjwa aliye katika kushuka mara nyingi hakumbuki, au anaona haya kutaja, yale aliyoyafanya alipokuwa juu.

Je, ni upungufu wa imani?

Hapa ndipo penye maudhi makubwa kwa wagonjwa, na sisi tuliosoma dini tuna dhamana ya kupaeleza vizuri. Ibada huutuliza moyo. Hilo limo katika Kitabu cha Allah na hatuna shaka nalo. Dhikri, swala ya jamaa, sadaka na kisomo ni nguzo za mgonjwa kama zilivyo kwa mzima. Lakini sonona hushambulia zana zile zile ambazo mtu huzitumia kuabudu: nguvu ya kuinuka, akili ya kuzingatia, moyo wa kuonja. Mgonjwa husimama kuswali na asihisi chochote, kisha hujihukumu kuwa Mwenyezi Mungu amemkataa. Anapokuja kwetu tukamwambia imani yake ni ndogo, tunakuwa tumeithibitisha hukumu ambayo maradhi yenyewe yamemnong'oneza.

Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akajikinga na kushindwa, uvivu na uzito wa deni. Mkamilifu wa imani aliyahesabu haya kuwa ni mabalaa ya kuombewa kinga. Bibi Aisha (RA) naye, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, alikuwa akielekeza mgonjwa na mfiwa wapewe talbina, uji wa shayiri, na akapokea kutoka kwa Mtume (SAW) kuwa uji huo hupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Huzuni ikapelekewa chakula.

Tuna mfano wa Imam Abu Hamid al-Ghazali pia. Mwaka 488 Hijria (1095 Miladia), akiwa mwalimu mashuhuri wa Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad, ulimi wake ulifungika darasani asiweze kufundisha. Chakula kikamshinda, nguvu zikamwishia, na matabibu wakakata tamaa ya kumtibu. Ameyaandika haya mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal. Hatumpi jina la ugonjwa. Yeye aliyaeleza kama mvutano wa nafsi yake baina ya dunia na Akhera. Tunachojifunza ni kwamba elimu yake kubwa haikuuzuia mwili wake kulemewa na yaliyomo moyoni, na hakuona aibu kuwasimulia watu.

Majini, husuda na ruqya

Tunaamini kuwa majini wapo, na kuwa jicho la husuda ni haki. Ruqya ya sheria, kwa Qur'ani na dua zilizothibiti, bila ya shirki, ni Sunna na ni rehema. Hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia mgonjwa kusomewa. Tatizo ni pale kila maradhi ya hisia yanapohukumiwa kuwa ni jini kabla ya kuuliza, na mgonjwa akakaa miezi kwa mganga huku hali ikizidi. Kumfunga minyororo, kumpiga “ili jini atoke”, kumnyima chakula na kumziba pumzi kwa moshi ni dhulma, na dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Anayewaambia muache dawa za hospitali ili kisomo kifanye kazi, muepukeni. Mtume (SAW) aliwaambia mabedui waliomuuliza kuhusu matibabu kwamba wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Agizo hilo halikuutenga ugonjwa wa akili.

Wahenga wetu katika dini walilitekeleza agizo hilo kwa mali zao. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, alitenga humo mahali pa wagonjwa wa akili, na gharama za hospitali zikalipwa kwa mapato ya waqfu. Kuwatibu watu hawa kulihesabiwa kuwa ni sadaka yenye kuendelea.

Tiba ilivyo

Tiba ya sonona ina njia kuu mbili, na mara nyingi hutumika pamoja. Ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu aliyesomea, ambaye humsaidia mgonjwa kuyatambua mawazo yanayomzamisha, kutatua tatizo moja baada ya jingine, na kurudia kidogo kidogo shughuli zilizompa furaha. Baadhi ya kina mama huogopa kuwa kumweleza mtu mambo ya ndoa ni kusengenya. Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amehesabu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, zikiwemo kushtakia dhulma na kuomba fatwa. Hind bint Utba (RA) alimshtakia Mtume (SAW) ubahili wa mumewe, wala hakukatazwa. Anayepigwa nyumbani, au aliyebeba jambo zito, ana haki ya kusema kwa anayeweza kumsaidia.

Njia ya pili ni dawa. Dawa za sonona, kama amitriptilini na fluoksetini, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine zaidi, kabla ya mgonjwa kuhisi nafuu, ilhali maudhi madogo kama mdomo kukauka au kichefuchefu huweza kuanza mapema. Wengi huziacha katika wiki hizo za mwanzo na kusema hazifai. Wengine huziacha mara tu wanapopona, kisha maradhi hurudi. Kawaida huendelea kutumiwa kwa miezi kadhaa baada ya nafuu, na huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Dawa hizi si vileo, na anayezitumia kwa maelekezo ya tabibu asiambiwe kuwa anatumia haramu.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa asibadilishe saa za dawa kwa kukisia. Amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuingia. Dawa nyingi hupangika baina ya futari na daku, lakini lithiamu, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa baipola, kiwango chake katika damu huweza kupanda hadi kuleta sumu mwili unapopungukiwa maji. Ikiwa daktari mwaminifu amesema saumu itamdhuru, ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Surat al-Baqara inamhusu, na familia isimtazame kwa jicho baya anapokula.

Safari ya tiba huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka hapo mgonjwa hupewa rufaa. Hospitali za mikoa hutoa huduma ya afya ya akili. Zipo pia Mirembe mjini Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kidongo Chekundu kule Unguja. Tuache kuyatumia majina ya hospitali hizi kama matusi, kwa sababu kila tunapomwambia mtu kwa mzaha kuwa anafaa kupelekwa Mirembe, tunamfungia mlango jirani anayetaka kwenda.

Anapotamani kufa

Takwimu za WHO zinaonyesha kuwa watu zaidi ya 700,000 duniani hujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Dini yetu imeharamisha jambo hili kwa nguvu zote. Uharamu wake ndio unaotulazimisha kumwokoa mtu kabla hajafika huko.

Anayesema amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake, anayewaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, asipuuzwe. Muulizeni waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu za wadudu na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Hotuba ya moto wa Jahannamu si ya saa hiyo.

Na kwa familia ambazo tayari zimefikwa na msiba huo, tuwe waungwana. Imepokewa katika Sahih Muslim kisa cha mtu aliyehamia Madina pamoja na at-Tufayl bin Amr (RA). Aliugua, akashindwa kuvumilia, akasababisha kifo chake mwenyewe. At-Tufayl alipomsimulia Mtume (SAW) alivyomwona ndotoni, akiwa amesamehewa kwa hijra yake isipokuwa mikono yake, Mtume (SAW) alimwombea msamaha na kwa mikono yake pia. Ikiwa Mtume (SAW) alimwombea, sisi tuna haki gani ya kuwakimbia wafiwa?

Wajibu wa nyumba na msikiti

Nyumbani, mgonjwa ahitajiwe kidogo na asikilizwe sana. Mtu mmoja anayeaminika amsindikize hospitali na amkumbushe dawa. Mualikeni kutembea baada ya Alasiri, muacheni aswali kwa uwezo wake, mletewe chakula bila masimango. Msimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Hilo analijua, nalo ni sehemu ya anachojilaumia. Anayemuuguza naye apokelewe zamu, maana kuuguza huchosha.

Msikitini tuna kazi kubwa zaidi ya tunayoifanya. Kule Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha kina bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kutatua matatizo yao. Utafiti uliohusisha wagonjwa 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliohudumiwa na kina bibi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Sisi watu wa mwambao mabaraza tunayo tangu zamani, na misikiti yetu inao wazee na kina mama wenye hekima. Wanachokosa ni mafunzo, ambayo wahudumu wa afya wa wilaya wanaweza kuwapa.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunaweza kuanza na machache: khutba moja ya Ijumaa juu ya maradhi haya; jina na mahali pa mhudumu wa afya ya akili aliye karibu, yaandikwe ubaoni pande zote mbili, ya wanaume na ya wanawake; fungu dogo la sadaka kwa nauli na dawa za mgonjwa asiye na kitu; na mtu wa kumtembelea muumini ambaye hajaonekana swalani kwa wiki mbili, amtembelee kwa salamu wala si kwa upelelezi. Zaidi ya yote, siri. Anayeomba dua kwa ajili ya mwanawe asisikie jina la mwanawe kwenye kipaza sauti. Mtu akijua kuwa lake litatangazwa, hatatuambia tena, na Waswahili wameshasema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu msomaji, pengine unaposoma haya yupo mtu nyumbani kwako aliyebadilika na hujamuuliza. Muulize leo, kisha nyamaza umsikilize. Na ikiwa mgonjwa ni wewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya Ijumaa ijayo, na mwende zahanati pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walio dhahiri na waliojificha, awape subira wanaowauguza, na atujaalie ndimi zinazofariji. Amin.